Kwa Babu Hakuna Baraza

Unguja mie ni Mwarabu. Sikuomba, nimepewa tu, kwa sababu ya pua na kwa sababu ya jina la babu lililoko mwisho wa kitambulisho changu. Nikiuliza bei ya pweza Darajani naambiwa, "Mwarabu mzima unalilia pweza?" na bei inapanda pale pale. Nikichelewesha mchango wa harusi, naambiwa Waarabu ndivyo walivyo, mikono ya birika. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda kukaa Oman kwa jamaa wa babu, nilijipa moyo kwamba huko angalau nitapumzika: penye Waarabu nchi nzima, mmoja zaidi nani atamwona? Nimefika Ibra, mji wa babu, mke wa ami akanishika mkono akanipitisha kwa jirani zake wote, furaha imemjaa: "Huyu ndiye Mzinjibari wetu." Ndege ya saa tano tu, nishabadilishiwa kabila angani.

Wako watakaosema mwenye asili mbili ana bahati, ana kwao kuwili. Hao wana kwao kumoja, ndiyo maana wanasema. Ukiwa mgeni hotelini una haki zako: chai ikija baridi unasema. Ukiwa mtu wa nyumbani nawe una haki zako: chai ikija baridi unakwenda jikoni ukaipashe. Mie kwa babu nilikuwa ndugu wa damu, kwa hiyo sina ruhusa ya kulalamika, na nilikuwa mgeni wa heshima, kwa hiyo sina ruhusa ya kuingia jikoni. Nimekunywa chai baridi nyingi.

Lakini nianzie Muscat, ndiko nilikoshukia, kwa shangazi. Shangazi huyu na baba yangu ni baba mmoja, mama mbali mbali. Alitoka Unguja akiwa msichana mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, akatangatanga na ndugu zake Dubai na kwengineko, mpaka Sultan Qaboos aliposhika nchi Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi. Nchi wakati huo ilikuwa na skuli tatu, na barabara ya lami ilikuwa inakwisha kabla hujakaa vizuri garini. Waliorudi kutoka Afrika Mashariki walikuwa na vyeti, Kiingereza na uzoefu wa ofisini. Wakajazwa mawizarani, maskulini na kwenye mafuta, wakawa wanaijenga Oman mpya huku wakisengenyana kwa Kiswahili. Shangazi alisomesha mpaka akastaafu. Nyumba yake iko Mabela, nyeupe, ina ukuta mrefu, na ukivuka mlango unakuta Unguja.

Si Unguja ninayokaa mie, ile yenye bodaboda na watalii waliobabuka mabega. Ni Unguja ya zamani, imehifadhiwa kwa ustadi ambao Idara ya Makumbusho ingetamani. Wali wa nazi, mchuzi wa pwaju, muhogo uko barafuni umepangwa kwa tarehe. Mbuzi ya kukunia nazi imetundikwa sebuleni, pale ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Tui lenyewe ni la kopo, lakini hilo halizungumzwi. Na Kiswahili! Siku ya kwanza tu nilitamka "poa," akaweka kijiko chini.

"Umesemaje?"

"Nimesema ni nzuri, shangazi."

"Hayo ndiyo maneno mnayosema Unguja siku hizi? Nani kakufundisha? Umekuwa mtu wa redioni."

Kuanzia hapo nikawa natahiniwa. Mie ninayelala na kuamka Kikwajuni, nasahihishwa Kiswahili na mtu anayekaa ukingoni mwa jangwa tangu sijazaliwa. Kibaya zaidi, alikuwa na haki. Wajukuu zake wanachanganya Kiarabu, Kiingereza na vijineno vitatu vya Kiswahili, na hao hawasahihishi, kwa sababu hao ni watoto. Mie ndiye niliyetarajiwa kuja na bidhaa halisi.

Jioni ilikuwa zamu ya kuulizia watu. Fulani yuko? Keshakufa, shangazi. Na nduguye? Naye. Kila jioni nikawa namzikia watu, naye anasema "Allah amrehemu," anafuta macho, anakwenda kwa mwengine. Hapo akaja kwenye duka la vitambaa la mtu mmoja pale Mkunazini, ambako mama yake alikuwa akinunua melimeli. Nikamwambia duka lipo, ila sasa linauza vinyago vya Kimasai. Kwa wale waliokufa alilia kidogo kidogo. Kwa duka hakulia. Alinyamaza, kisha akasema heri lingeungua.

Muscat yenyewe sijui nani alisema ni mji. Ni barabara kuu moja ndefu iliyobanwa baina ya milima na bahari, na mitaa imening'inia kandokando yake. Safi sana, hilo nalikubali. Ukiwa na gari chafu askari anaweza kukupiga faini. Nilipomweleza dereva mmoja hapa Unguja alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini katika usafi wote huo, hakuna mtu anayetembea kwa miguu. Asubuhi moja nilimwambia shangazi nakwenda duka la kona kununua vocha, dakika tatu. Akaita mjukuu aje na gari. Nikasema nitatembea. Akaniuliza, kwa upole wa mtu anayemshauri mgonjwa, "Kwani umekasirika nini?"

Nilitembea. Magari matatu yalisimama kuniuliza kama nimeharibikiwa. Na nilipofika dukani nikagundua kuwa wateja wote wako nje, ndani ya magari yao, wanapiga honi. Kijana wa Kerala anatoka mbio, anachukua oda dirishani, anarudi na chai ya maziwa na chapati iliyokunjwa ndani yake jibini na chipsi za pakiti zilizovunjwavunjwa. Chapati ile ni tamu, sitaki kusema uongo. Lakini honi! Kwetu ukimpigia mwenye duka honi, hata awe na njaa ya wiki, atakuuza wewe kwanza. Hapo Muscat ndiyo adabu ya kawaida, na mimi niliyeingia ndani kwa miguu yangu nikasema "Assalaam alaykum" ndiye niliyeonekana natafuta shari.

Mwenye kusoma hapa akiwa amekaa baraza, ajue utajiri alionao. Mji Mkongwe wote umejengwa kwa ajili ya kuchungulia: baraza za mawe nje, watu wamekaa, mpita njia anasalimu, anaulizwa atokako na aendako, na kabla hajafika Jaws Corner habari zake zimeshamtangulia. Kwa babu hakuna baraza. Kuna ukuta, kuna geti, na ndani ya geti kuna chumba cha wanaume chenye mlango wake, makhsusi ili mgeni asiwaone watu wa nyumbani na watu wa nyumbani wasijue nani kaja. Hodi hupigi, unapiga simu. Nilikaa wiki nzima bila kujua jirani anakula nini. Mswahili anaweza kuugua.

Na nikaugua kweli, ila si kwa hilo. Niliugua mafua ya baridi. Oman wakati wa joto ni tanuri. Pwani huko, Qurayyat, tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana, na hiyo ni rekodi ya dunia nzima. Sasa nchi yenye rekodi hiyo imeamua kulipa kisasi kwa viyoyozi. Nje nyuzi 45, ndani watu wamejifunika mablanketi mazito ya manyoya yenye picha za waridi. Unatoka unaungua, unaingia unaganda, unatoka unaungua tena. Kiyoyozi kuzimwa ni tusi kwa mgeni, na mgeni, kama nilivyosema, hana ruhusa.

Ibra ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka Muscat kuelekea Sharqiya, milima mikavu huku na huku, ghafla mitende. Ndiko alikotoka babu. Alipanda jahazi na upepo wa kaskazi walivyopanda wenzake, akashukia Unguja, na kusi zilizofuata zote zikapita bila yeye kurudi. Nduguye alibaki. Mtoto wa huyo nduguye ndiye ami yangu, mzee wa ndevu nyeupe anayejua Kiswahili cha kutosha kuuza na kununua, na ndiye aliyekuwa mkalimani wangu kwa watu wa nyumba nzima.

Kwanza salamu. Kwetu nasi tunasalimiana, hatuna dogo. Lakini salamu ya Kiswahili ina mlango wa nyuma: "Habari za kwenu?" "Nzuri." "Za watoto?" "Nzuri, ila mdogo kavunjika mkono, paa limeruka, na yule mume kaoa tena." Hiyo "ila" ndiyo salamu yenyewe. Ibra salamu ni ndefu zaidi kuliko yetu, inazunguka afya, watoto, mifugo, njia, kisha inafika kwenye swali kubwa lenye heshima zake: kuna habari gani utokako? Na jibu ni moja tu, hakuna ila kheri. Ukisha kujibu hivyo, na mwenyeji naye akaulizwa akajibu hivyo hivyo, mambo yamekwisha. "Ila" hakuna. Nilisubiri. Nilikaa pale na habari zangu zote tumboni, bei ya mchele, ndoa ya binti wa Kikwajuni, umeme, zote zimepangwa kwa umuhimu, na hakuna aliyezitaka. Ami alinambia baadaye kwamba habari zenyewe husemwa polepole, baada ya kahawa, wenye nyumba wakishaona inafaa. Mpaka wakati huo zangu zilikuwa zimeshachacha.

Kahawa sasa. Wanawake wa mtaa hukutana asubuhi, leo kwa huyu kesho kwa yule. Inatandikwa nailoni chini, linaletwa sinia la matunda, haluwa, tende, kibakuli cha kunawia ncha za vidole, kisha mdila. Kahawa yao nyepesi, ina hiliki nyingi, rangi yake kama chai iliyosahauliwa majani. Finjani ndogo, na inamiminwa robo tu. Mmiminaji ni msichana mdogo kuliko wote, amesimama, mdila mkono wa kushoto, na hatoondoka mbele yako. Ukimrudishia finjani kimya kimya anamimina. Ukisema "basi, mwanangu, ahsante," anatabasamu, anamimina. Lugha anayoielewa ni moja: uitikise finjani kwa vidole viwili, huku na huku. Hilo hakuna aliyenifundisha kabla moyo wangu haujaanza kupiga dufu.

Halafu ukaja udi. Na hapa nataka wasomaji wanawake wanisikilize vizuri. Kwetu chetezo kikitolewa, mambo ndiyo yanaanza. Udi ni karibu. Udi ni kaa, jinafasi, vua buibui. Mwanamke wa Unguja akifukiziwa nguo anaegemea mto na kutoa kisa chake kikubwa alichokuwa anakiweka. Ibra, chetezo kikishazungushwa na marashi yakishanyunyizwa, watu wanainuka. Wana msemo wao kabisa kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Mie nishafukizwa, nishanukia, nishategemea, nikafungua mdomo kuanza habari ya ndoa ya Kikwajuni (nikisema sasa ndiyo wakati wake), naona miguu tu inanipita. Sebule ikabaki na mimi na maganda ya machungwa.

Kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Watu husema hivyo kwa utani, lakini kuna huruma ndani yake: ukisha kupewa jembe unakuwa mtu, unaweza kufungua jokofu. Ami na mkewe hawakunipa hata kijiko. Nilikalishwa kwenye mto siku ya mwanzo na mtoni nikabaki. Kila nikiinuka, mtu anainuka na mimi kuuliza nataka nini. Usiku nilikuwa naota naosha vyombo.

Aliyeniokoa ni binti wa Singida. Yuko pale kwa mkataba wa kazi za ndani, na wako wengi walioko Oman kutoka bara na visiwani. Wiki ya kwanza alikuwa ananipita na masinia ameinamisha macho, mpaka siku moja nikapiga chafya nikasema "maskini roho yangu," akasimama. Kuanzia hapo, watu wakilala mchana, tulikuwa tunakutana jikoni. Yeye ndiye aliyenipashia chai. Siku moja, huku anakatakata vitunguu kwa kasi ya mtu mwenye kazi tatu zinazomngoja, akaniuliza: "Mama, samahani, hivi wewe ni wa huku au wa kwetu?"

Nikamwambia babu yangu ni wa huku.

"Aa," akasema. "Basi wa kwetu." Akanipa kisu, nikamalizia vitunguu. Mke wa ami alipoingia akatukuta, aliniomba radhi mimi, akamfokea yeye. Hapo ndipo nilipoona kwamba heshima ninayopewa kuna mtu mwengine anayeilipia. Jikoni niliendelea kwenda, ila kwa kunyata, na vitunguu nikawa navikata kabla mke wa ami hajaamka.

Suala hili la nani wa wapi Ibra lina utaratibu wake. Unguja tunauliza: mtoto wa nani, mtaa gani? Tukishapata mtaa tumetosheka, yaliyobaki tutayajua kwa jirani. Ibra wanauliza kabila, kisha wanashuka na majina. Ami alinikalisha usiku mmoja akanisomea shajara yetu kwa moyo, fulani bin fulani bin fulani, haikwami, mpaka nikahisi tunakaribia Safina ya Nuhu. Ni kitu kizuri, si utani. Mtu unajiona mrefu. Nikamsubiri amalize, nikamuuliza: "Na wanawake wako wapi?"

Akadhani sijafahamu, akaanza upya.

Bibi yangu mzaa baba ni mtu wa Makunduchi. Babu alipomuoa alikuwa hana kitu ila kanzu na maneno matamu. Bibi ndiye aliyekuwa na minazi, na ulimi. Babu alikufa sijazaliwa. Bibi ndiye aliyenilea, akanifunza kupika, kutukana na kusali, kwa mpangilio huo. Sasa nimesafirishwa kuja kuona asili yangu, na asili ni bwana mmoja nisiyemjua sura, na baba zake, na baba za baba zake, na katika mlolongo wote huo bibi hata kwenye ukingo hayumo. Nilimweleza ami habari za Makunduchi. Nikamsimulia Mwaka Kogwa, kwamba kila Julai wanaume wa kusini na wa kaskazini wanatoka uwanjani kupigana kwa vipande vya migomba ili kumaliza chuki za mwaka, na wanawake wanaimba nyimbo ambazo siwezi kuziandika gazetini. Ami aliwatafsiria watu wa nyumba. Pakawa kimya. Mkewe akauliza swali. Ami akasita, kisha akanitafsiria: "Anauliza, hao jamaa zako wanapigana mpaka lini?"

Siku iliyofuata, nadhani kwa kunirudisha kwenye mstari, walinipeleka kuona Minzafa, mtaa wa kale wa Ibra. Majumba ya udongo yamebomoka nusu, matao mazuri, milango ya kuchonga iliyobaki michache, vyumba vya juu havina paa. Matajiri waliojenga hapo wengi wao pesa zao zilitoka Afrika Mashariki. Mtoto wa ami, kijana mpole, mhandisi, akapiga ukuta kwa kiganja: "Huu umejengwa kwa karafuu zenu." Alikusudia kunifurahisha. Nikautazama ukuta. Karafuu hazijichumi wala pembe hazijibebi kichwani kutoka bara mpaka pwani, na waliozichuma na waliozibeba wengi wao hawakuulizwa kama wanataka. Hilo nililisema, kwa Kiingereza, maana Kiarabu changu ni cha chuoni, kinatosha kusali na hakitoshi kugombana. Kijana akatikisa kichwa akasema ndiyo, analijua. Tukatazama ukuta pamoja kidogo. Kisha akauliza kama nataka kupigwa picha.

Jumatano nikapata faraja yangu: soko la wanawake. Ibra kuna soko siku hiyo la wanawake watupu, wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, wanaume wanasubiri nje. Nguo, hina, manukato, dawa za uzazi, vikuku, na kofia za viua zimepangwa mirundo. Kofia hizo zimetoka kwetu, na hilo hata wao hawabishi. Leo ndizo vazi la taifa, mwanamume wa Oman bila kofia yake ni mtu aliyetoka kuoga. Nikasema hapa sasa niko uwanjani kwangu. Mwanamke aliyezoea Darajani, umwambie nini kuhusu kununua?

Muuzaji wangu alikuwa mama wa Kibedui amevaa barakoa. Si ile ya korona. Ile yenyewe, ngumu, yenye kigongo puani, waliyovaa mabibi wa majumba ya kifalme Unguja enzi za masultani. Nilitaka mtandio. Akataja bei. Nikataja nusu yake. Akataja bei. Sasa ujue, kupatana bei ni kusoma uso. Darajani naujua uso wa mtu aliyekwisha kupata faida yake, na wa mtu ambaye mtoto wake yuko hospitali, na wa mtu anayejifanya mtoto wake yuko hospitali. Hapa nasoma nini? Macho mawili yametulia. Nikaongeza kidogo. Akataja bei. Nikatumia silaha ya mwisho, nikageuka nikaondoka polepole, maana kwetu hatua ya tatu hufiki, utaitwa "njoo bwana, njoo tuzungumze." Nilitembea mpaka mwisho wa soko. Nilisimama. Nikatazama vikuku nisivyovitaka. Hakuna aliyeita. Nikarudi, akataja bei. Nikalipa, riali kamili, na riali moja ya Oman ni zaidi ya dola mbili na nusu, msidhani ni chenji. Aliposhika pesa akachukua kichupa, akanipaka mafuta ya manukato mikononi bure, mengi, ya ghali kuliko mtandio, akanambia kitu ambacho wenzangu walicheka wakakataa kunitafsiria.

Alipokufa Seyyid Said, sultani aliyetawala Oman na Unguja pamoja, mwaka 1856, wanawe wawili waligombania urithi, mmoja Muscat, mmoja Unguja. Mwaka 1861 Waingereza wakawaamulia: kila mmoja abaki na nchi yake, na Unguja, kwa kuwa ndiyo yenye karafuu, iilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Katika vitabu malipo hayo yalikwisha zamani. Katika familia yetu bado yanaendelea, na mlipaji ni mimi. Nilikuja na mizigo ya karafuu, pilipili manga, khanga, mbaazi kavu na dagaa waliofungwa mara nne. Nilipoaga Ibra nikategemea walau begi litakuwa jepesi. Ami akanijazia haluwa. Si kidogo, mabakuli, zafarani na lozi zimejaa, nipeleke Unguja, "maana huko hamna haluwa nzuri." Kauli hiyo mtu aisemee Wete kule Pemba, nione atatokaje. Lakini mie mgeni, nikashukuru.

Nafika Muscat, shangazi anafungua begi, anaonja haluwa ya Ibra kwa ncha ya kijiko, anafunga kifuniko. "Wanatia samli nyingi. Ukija tena niletee haluwa ya Unguja. Na mkate wa mofa. Na ukipita Mkunazini, usinambie tena kuhusu lile duka."

Na sasa wanakuja wao. Mtoto wa ami amenipigia juzi: wanakuja na mkewe na watoto, na ami mwenyewe, kuona shamba la babu. Nimemweleza kwamba mashamba yalitaifishwa baada ya Mapinduzi na watu wakagaiwa eka tatu tatu, na pale shambani sasa wako wazee waliozaa na kuzika hapo hapo, watakaompa dafu na kumuuliza anakaa mtaa gani, basi. Akasema hana neno, anataka kuona tu. Kisha akauliza vyumba vyangu vina viyoyozi vingapi. Nikamwambia tuna dirisha. Akauliza kama wataweza kuegesha gari mlangoni. Nikamwambia mlangoni kuna baraza, na barazani kuna watu, na watu hao wanamsubiri tangu waliposikia anakuja, wameshajua namba ya ndege yake na mkewe anafanya kazi gani.

Likizo yao imeangukia Julai, sikuipanga mie. Nimeshazungumza na jamaa zangu Makunduchi. Siku ya Mwaka Kogwa kila nyumba hupenda iwe na mgeni, na wamefurahi sana kusikia kwamba safari hii wetu wanatoka mbali. Ami tutamkalisha kivulini kwenye mkeka. Mhandisi wameshamchagulia mgomba.